Bi Sentimita na Mkeka wa Mpira

Mwanamke huyu alinisababishia kusimamishwa kazi, halafu akanirudisha kazini, na mara zote mbili watu walimwamini bila kumuuliza swali la pili. Nikiulizwa habari zake huwa nacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Leo sibadilishi. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na yeye mwenyewe najua hatalisema kwa mtu yeyote, kwa hiyo imebaki kazi yangu.

Tulimwita Bi Sentimita. Alikuwa mpimaji wa watoto kwenye lango la Nyoka, kile kitreni chetu cha mabehewa sita kinachopanda kilima cha chuma, kinakata kona mbili kwa kasi, kisha kinashuka huku watoto wakipiga mayowe. Katika bustani yetu ya michezo kuna bembea, kuna farasi wa mbao wanaozunguka, kuna vigari vya kugongana, lakini watoto wanakuja kwa ajili ya Nyoka. Na kabla hujamfikia Nyoka kuna nguzo ya zege, kwenye nguzo kuna ubao, na kwenye ubao kuna mstari mwekundu. Sentimita mia moja na ishirini. Chini ya hapo hupandi, uwe mtoto wa nani.

Mimi ni fundi wa mitambo pale, na sababu ya mstari ule naijua vizuri kuliko mtu mwingine. Kila kiti kina chuma kinachoshuka na kukaa juu ya mapaja. Mtoto aliyefikia kimo, magoti yake yanajikunja kwenye ukingo wa kiti na chuma kinambana mahali pake. Mtoto mfupi, miguu yake inanyooka mbele juu ya kiti, na treni ikikata kona anateleza chini ya chuma kama sabuni mkononi. Hapo chuma hakina kosa. Mtoto ndiye hajafika.

Wazazi hawataki kusikia habari hizo. Wameshamwahidi mtoto wiki nzima, na wakifika langoni wanataka apande, basi. Bi Sentimita alizijua mbinu zao zote. Wako waliojaza magazeti kwenye viatu. Yuko mama mmoja aliyemsuka binti yake nywele zikasimama kichwani kama bomba la jiko, akadai huo ndio mtindo wa sasa. Yuko baba aliyesimama nyuma ya mwanawe akawa anamnyanyua kwa kola kidogokidogo, huku macho yake yako mawinguni kana kwamba anatafuta dalili za mvua. Wengine waliapa, wengine walitaja vyeo vyao. Bi Sentimita aliwasikiliza wote kwa heshima, wakimaliza akasema neno lake lilelile.

"Viatu."

Mtoto anavua viatu. Visigino vinagusa nguzo, mgongo unanyooka, kidevu kinashuka. Halafu yeye analaza kiganja chake kichwani, anazikandamiza nywele mpaka anaugusa mfupa, na kukisogeza kiganja moja kwa moja hadi kwenye ubao. Kikifika kwenye mstari anasema, "Panda, baba," au "Panda, mama." Kisipofika, anachuchumaa mpaka macho yake yanakuwa sawa na ya mtoto, anamwambia, "Bado kidogo. Kula, lala, halafu urudi." Sikuwahi kumsikia akimwambia mtoto kwamba ni mfupi. Ukali wake wote aliwawekea wazazi.

Kabla ya kazi hiyo alikuwa fundi cherehani wa sare za shule kwa miaka ishirini na miwili, mpaka macho yakaanza kumpotezea tundu la sindano. Mumewe alifariki mapema, akamlea binti yao mmoja kwa cherehani hiyo hiyo, akamsomesha, akamwoza. Kutoka kwenye ushonaji alibaki na vitu viwili: tepu ya kupimia, ambayo haikutoka mkobani mwake hata siku moja, na tabia ya kutoamini jicho la mtu. "Jicho linaona linachotaka," alikuwa akiniambia. "Hasa jicho la mzazi."

Mimi na yeye tulitaniana sana. Aliniita Fundi Kelele kwa sababu ya nyundo yangu. Mimi nilimwambia kwamba siku yake ikifika tutampima kwanza kabla ya kumzika, tuone kama anaufikia mstari, maana mwenyewe alikuwa mfupi kweli kweli, kofia ya kazi ikimfunika mpaka nyusi. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Baadaye akawaambia wenzetu kwamba Fundi Kelele kafundishwa adabu na nyani. Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa nije kwenye mkeka.

Mwaka jana mvua zilinyesha hazikujua kupumzika. Pale langoni, chini ya nguzo, sakafu imebonyea kidogo, na maji yakawa yanatuama. Watoto waliovuliwa viatu walisimama kwenye maji ya baridi, wakajikunyata, wakainua mguu huu na mguu ule. Mtoto aliyejikunyata hapimiki. Mmoja akateleza, akagonga kisogo kwenye nguzo, kidogo tu, lakini Bi Sentimita hakulala vizuri usiku huo. Kesho yake akaja karakanani kwangu, suruali imelowa mpaka magotini.

"Fundi, watoto wanasimama kwenye maji."

"Waache na viatu vyao."

"Nikiwaacha na viatu nitakuwa napima viatu."

"Sasa mimi nifanye nini, niiambie mvua?"

"Tafuta kitu cha kutandika. Wewe hukosi kitu."

Kweli sikukosa. Nyuma ya karakana kulikuwa na vipande vya mpira mzito vilivyobaki tulipotandika chini ya bembea, watoto wakianguka wasiumie. Nikakata kimoja kwa kipimo cha pale langoni. Nikakiweka, maji yakakipita juu. Nikakata cha pili, nikakibandika juu ya cha kwanza kwa gundi, nikapigilia kingo. Unene wa vidole viwili. Maji yakabaki chini, watoto wakawa pakavu. Nilifanya kazi hiyo jioni, bustani imefungwa, yeye akinishikia mwavuli. Tulipomaliza alisimama juu yake na soksi zake, akasema, "Ah, Fundi, leo umefanya kama mtu mwenye mama." Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Mvua zikaisha, mkeka ukabaki. Na tuliona mabadiliko, sisemi hatukuona. Ugomvi langoni ulipungua. Wazazi walikuwa wanatabasamu. Watoto waliorudishwa mwezi uliopita walikuja wakapita. Tulipokaa kunywa chai tukalijadili jambo hilo kama watu wazima wenye akili, tukakubaliana kwamba ni mkeka: mtoto akisimama pakavu anajinyoosha vizuri, na akijinyoosha vizuri anapimika. "Halafu watoto wa siku hizi wanakua," akasema yeye. Nilijisifu. Nilitaka hata meneja ajue ni kazi ya mikono yangu, nikaenda mpaka mlangoni kwake, akanipungia mkono kwamba ana simu. Sikurudi tena.

Ajali ilitokea Jumapili, saa tisa mchana, jua zuri, bustani imejaa. Alikuwa mtoto wa kiume wa miaka sita, ana shati la mistari. Kwenye kona ya pili aliteleza chini ya chuma, akaangukia kwenye sakafu ya behewa, akabanwa kati ya kiti na ubao wa mbele. Treni ilipoingia kituoni mkono wake ulikuwa umekaa vibaya na kidevu kinatoka damu. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Mama yake alikuwa amesimama kwenye uzio wa kutokea, simu imeinuliwa, anasubiri kumpiga picha akishuka.

Mimi nilikimbia na spana mkononi, kwa sababu ilikuwa mkononi nilipoyasikia mayowe. Yule mama akaiona spana, akaniona mimi, akaelewa mimi ni nani. Aliniita muuaji. Hakupiga kelele, alilitamka tu neno hilo akinitazama usoni, watu wote wanasikia, kisha akaingia kwenye gari la wagonjwa na mwanawe.

Meneja alituita palepale, kwenye kibanda cha lango la Nyoka. Alimgeukia Bi Sentimita kwanza. "Mtoto alifikia mstari?"

"Alifikia. Nilimpima mwenyewe, bila viatu."

Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi, wala mimi sikuuliza, maana kiganja cha Bi Sentimita hakijawahi kukosea. Hakuna aliyefikiria kumpima upya mtoto aliyelala hospitali, bega limefungwa. Kama mtoto alikuwa na kimo, chuma ndicho kilichomwachia, na chuma ni cha fundi. Nikasimamishwa kazi kusubiri kikao. Walikuja mafundi wa kutoka nje, wakabadilisha vyuma vyote, na siku ya tisa Nyoka akaanza kazi tena bila mimi.

Kabla hawajabadilisha nilikuwa nimekwisha kukifungua chuma cha kiti kile. Nilikagua kila jino la kufuli, kila springi, kila boliti. Kilikuwa kizima. Nilisema hivyo, wakaniambia ni kawaida, mtu lazima ajitetee. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Wiki ya pili nilianza kuitazama mikono yangu. Nilikaa nyumbani nikikumbuka asubuhi ya Jumapili ile: nilikivuta chuma kile au nilikipita? Siku nyingine nakumbuka nilikivuta, siku nyingine nakumbuka nilikipita. Nikawa nafunga na kufungua komeo la mlango wa mbele mara kumi, kuhakikisha linashika. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, utatuharibia mlango, na tutakosa fundi wa kuutengeneza." Alikuwa anatania ili nicheke. Sikucheka.

Na nilimkasirikia Bi Sentimita. Alisema alichokiona, najua, lakini nilitamani angesita hata kidogo, angesema "nadhani". Alinipigia simu mara mbili, sikupokea.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

Ana mjukuu wa kike wa miaka saba, mtoto wa yule binti yake. Tangu akiwa na miaka minne amekuwa akiutaka mstari mwekundu. Bibi alikuwa amemwahidi kwamba siku atakapoufikia atampandisha kwa mkono wake, na siku hiyo isipofika hata malaika hatampandisha. Nyumbani kwake, kwenye fremu ya mlango wa chumba cha kulala, kuna alama za penseli na tarehe zake. Alama ya juu kabisa ilikuwa ya Jumapili iliyopita: mia moja na kumi na saba.

Ijumaa mtoto akaja bustanini na mama yake baada ya shule. Akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika Bi Sentimita akamwambia, "Viatu," mtoto akavua, akajibana kwenye nguzo mpaka akaacha kupumua. Kiganja kikaenda kwenye ubao. Kikagusa mstari.

"Nilifurahi, Fundi," aliniambia. "Nilifurahi mpaka akili ikalala. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine na najua juzi alikuwa na mia na kumi na saba, ningemrudisha nimpime mara tatu." Alimpandisha. Alimfungia chuma mwenyewe. Mtoto akazunguka, akashuka anaimba, na jioni hiyo akadai alama mpya mlangoni, awaonyeshe wenzake wakija kucheza. Bibi akachukua penseli. Penseli ikaangukia palepale kwenye alama ya Jumapili. Akatoa tepu. Mia moja na kumi na saba.

Kesho yake, Jumamosi, alifika bustanini kabla ya mtu yeyote. Alitandaza tepu kuanzia juu ya mkeka hadi kwenye mstari. Mia moja na kumi na sita. Akaubandua mkeka kwa chuma cha kung'olea misumari, akapima tena kuanzia kwenye zege. Mia moja na ishirini. Akakaa chini hapohapo kwenye zege lenye unyevu. Tulikuwa tumewainua watoto sentimita nne na kuuacha mstari mahali pake, wiki saba mfululizo, na kila mtoto aliyetabasamu akipita tuliushukuru mkeka.

Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa sebuleni kwangu. Sikutaka kumwona, lakini mke wangu alikwisha kumkaribisha na kumwekea chai. Hakuigusa. Aliniambia yote, kwa mpangilio, mikono imekaa juu ya mkoba. Alipofika kwenye ile mia moja na kumi na sita nilihisi kifua kinafunguka. Chuma changu kilikuwa kizima. Nilikuwa nimekivuta. Nilikuwa nakaribia kulia kwa furaha, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nimshukuru Mungu, ndipo nikakumbuka nani aliutandika mkeka.

"Niliutaka mimi," akasema.

"Niliutandika mimi, mama."

"Hukupewa mstari uulinde. Mimi ndiye niliyepewa."

"Mimi ndiye fundi. Ninayejua kwa nini mstari uko pale ni mimi."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Hakuwa ameingilia maneno yetu mpaka hapo. "Samahani, bibi," akamwambia. "Mkisema ni nyinyi wawili, mtafukuzwa wawili. Hapa ndani kuna watoto watatu, na mdogo bado ananyonya." Halafu akaingia jikoni, kwa kuwa aliona aibu kulisema, na tukasikia anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Bi Sentimita alitazama chai yake. "Kikao ni Jumatatu," akasema. "Nitakuja nitasema kuhusu mkeka. Nisiposema, wewe utabaki mzembe maisha yako yote, na yule mtoto atabaki na adui asiye wake."

"Nitasema na mimi," nikamwambia. Nilikuwa na maana hiyo. Naomba mniamini kwamba wakati ule nilikuwa na maana hiyo.

Jumapili nzima nililizoeza neno langu. Niliutandika mimi. Nilikuwa nalisema nikinyoa ndevu, nikifunga kamba za viatu vya watoto. Mke wangu hakuniuliza kitu. Jioni aliniwekea shati jeupe kitandani, limepigwa pasi vizuri kuliko siku nyingine zote.

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Feni ya mezani, viti vya plastiki, faili moja. Alikuwepo meneja, alikuwepo mtu wa bima, mwanamume mwembamba anayeandika kila neno, na alikuwepo yule mama, amekaa pembeni amefumbata mkoba wake. Mtoto alikuwa bado hospitali. Mfupa ulikuwa umeungana vibaya, wakaufungua tena. Mama hakunitazama nilipoingia. Aliitazama mikono yangu.

Bi Sentimita hakungoja kuitwa. Alisimama na tepu yake, akaeleza. Alieleza kama mtu anayeeleza suruali iliyokatwa vibaya: ilikuwa hivi, ikawa hivi, kasoro ni sentimita nne. Alisema mtoto wa shati la mistari alikuwa ameugusa mstari kwa shida, kwa hiyo kimo chake cha kweli hakikuzidi mia na kumi na sita. Alisema chuma hakikuwa na kosa. Yule mama alifunika mdomo kwa mkono.

"Huo mkeka," akauliza mtu wa bima bila kuinua kichwa, "aliuweka nani?"

"Mimi," akasema Bi Sentimita.

Kalamu ikasimama. Akamtazama mwanamke wa miaka sitini na mmoja ambaye kichwa chake hakizidi sana kitasa cha mlango. "Mpira mzito namna hiyo? Peke yako?"

"Nimebeba mizito kuliko huo."

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Neno langu lilikuwa mdomoni, limekamilika, nilishalizoeza siku nzima. Meneja akanigeukia. "Fundi, wewe ulikuwa na habari ya mkeka huo?"

"Niliuona pale," nikasema.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Na si uwongo. Niliuona, nilipokuwa nimepiga magoti juu yake na gundi mkononi. Mtu wa bima akaandika. Nilimtazama Bi Sentimita nikitegemea anikate jicho, nilikuwa nalihitaji jicho hilo linisimamishe. Hakunikata. Alikuwa anakunja tepu yake polepole, kidole hadi kidole, kama anavyofanya siku zote akimaliza kupima.

Ilichukua nusu saa. Yeye akaachishwa kazi siku hiyohiyo, kwa maandishi, kwa kubadilisha eneo la kupimia bila idhini. Mimi nikarudishwa. Meneja aliniomba radhi kwa niaba ya bustani na kunipa mkono.

Nilimfuata mpaka kwenye kabati la wafanyakazi. Alikuwa anatoa vitu vyake: kofia, filimbi, kandambili za siku za mvua. Nikamwita mama. Nikamwambia nitarudi ndani, nitawaambia, haijachelewa.

"Rudi ukawaambie nini? Kwamba nimewadanganya?" Hakuinua sauti. "Wewe una watoto watatu. Mimi wangu mmoja, na anakula kwa mumewe. Nimepiga hesabu ya fundi cherehani: kitambaa kikipungua, unakata mahali pasipoonekana." Nilianza kumshukuru, akanizuia kwa kiganja kilekile. "Usinishukuru, Fundi. Utanikasirisha. Nilimpandisha mtoto wa mwenzangu, nikampandisha na mjukuu wangu. Kazi hii sikuwa naiweza tena."

Akafunga kabati, akanipa ufunguo niurudishe ofisini, akaondoka kwa lango la nyuma ili asipite kwa Nyoka.

Nilipokwenda kurudisha ufunguo nilimkuta yule mama wa mtoto ananingoja nje ya ofisi. Alikuwa amelia, uso umevimba. Nikadhani ameshajua nani aliutandika mkeka. Nikawaza: hapa hapa, mwambie, huyu ndiye anayestahili kuambiwa kuliko meneja. Akanikaribia.

"Baba," akasema, "naomba unisamehe. Nilikuita muuaji mbele za watu. Kila siku nikikaa na mtoto hospitali nimekuwa nikiilaani mikono yako, nikiomba ikatike. Kumbe haikuwa na kosa." Akaishika mikono yangu yote miwili, akaikusanya ndani ya yake, akainamisha kichwa. "Nisamehe, tafadhali. Nimekubebesha dhambi isiyo yako."

Niliiacha mikono yangu palepale. Nikamwambia nimemsamehe.